Mgeni wa Siku Kumi na Tisa

Mwl. Ummulkheir Athman,
Shela, Malindi.
Alhamisi.

Kwa Bwana Mwaro Pola,
Mwenyekiti wa Kamati ya Malalamiko,
Hospitali ya Mtondoo, Malindi.

Bwana Mwenyekiti,

MINTARAFU: KUTOSIKILIZWA NA DAKTARI WENU, PAMOJA NA OMBI LA KUWATAHINI MADAKTARI WOTE WA PWANI

Natumai waraka huu utakukuta u mzima, wewe na wanakamati wenzako, kwani mimi si mzima, na hilo ndilo linaloniandikisha. Nimefundisha Kiswahili katika shule za upili kwa miaka ishirini na minne, kwanza Matsangoni, sasa hapa Malindi. Barua rasmi naifundisha kila mwaka: anwani mbili, mintarafu, hoja zenye nambari, tamati. Nimesahihisha barua za malalamiko zisizopungua elfu tatu kuhusu maji machafu, barabara mbovu na mbwa wa jirani. Hii ni ya kwanza kuiandika kwa haja yangu mwenyewe, na tayari nimechana karatasi mbili kwa sababu jasho limenidondokea kwenye anwani.

Nianze na maradhi yenyewe, ili usije ukasema sikukueleza. Tangu nikiwa na miaka ishirini na sita nina kitu kilichopewa herufi nne, PCOS. Daktari mmoja wa Mombasa alinichorea kwenye kipande cha karatasi: ovari mbili, kila moja imejaa vifuko vidogo vidogo mfano wa komamanga lililopasuliwa. Akaniambia mayai yangu hayapevuki kwa wakati. Tangu hapo mgeni wangu huja apendapo, kidevuni mna ndevu tano ninazoziondoa kila Alhamisi (leo nimekwisha kuziondoa), mwili hauna habari na kufunga wala kutembea, na mtoto nilimpata mmoja tu, baada ya miaka tisa ya dua na vidonge.

Mgeni ninayemtaja, Bwana Mwenyekiti, ni yule wa kina mama, anayetarajiwa kila mwezi. Ikiwa bado hujanielewa, muulize mkeo. Ikiwa huna mke, muulize dada yako. Ikiwa huna hata mmoja wao, nakusihi umkabidhi mwanakamati mwingine barua hii, wewe ukanywe chai.

Mwaka huu nimetimiza miaka arobaini na saba, na mambo mapya yamekuja kukaa juu ya yale ya zamani. Mwenzangu Mwalimu Cherop, anayefundisha bayolojia na ambaye haya hana hata chembe, anasema ni ule wakati wa mwanamke kukaribia kukoma. Anasema kwa mwenye PCOS ni tabu kuujua wakati huo, maana mwanamke mwenye mgeni wa mpangilio akimkosa hushtuka, lakini sisi ambao wageni wetu hawakuwahi kushika ratiba hatuna cha kutushtua. Ndiyo maana nilikwenda kutafuta daktari. Wa kwanza, si wa kwenu, aliniambia nipunguze uzito, akanipa karatasi yenye picha ya mchicha. Wa pili akaniambia ninywe maji. Wa tatu ni wenu, Dkt. P. K. Masha, na huyo ndiye ninayemshtaki, kama ifuatavyo.

1. Kupimwa joto lisilopimika.

Muuguzi wenu alinitia kipimo kwapani, akakisoma, akatangaza kwamba sina joto. Wakati huo miwani yangu ilikuwa imeingia ukungu, leso yangu ya pili imelowa, na karani wa mapokezi amenigeuzia feni bila kuombwa. Nilimweleza muuguzi kwamba joto langu halikai kwapani. Huanzia kifuani, likapanda shingoni, likafika utosini, likakaa dakika nne hivi, kisha huniacha nikitetemeka kwa baridi. Akasema basi ni malaria, akanitoboa kidole. Sikuwa na malaria.

Nilipoingia kwa Daktari nikayarudia maneno yale yale. Yeye, bila kuinua uso kwenye karatasi yake, akasema kwamba joto la mwaka huu limetuzidi sote, Mwalimu. Sote vipi? Mimi wiki ile mwalimu mkuu alikuwa amenikuta nimeingiza kichwa chote ndani ya friji ya chumba cha sayansi kimu. Nikamwambia natafuta siagi. Friji ile haijawahi kutiwa siagi tangu inunuliwe, na mwalimu mkuu anajua, kwani ndiye mwenye ufunguo wake. Tangu siku hiyo ananisalimia kwa upole mwingi, na upole ule unaniudhi kuliko joto lenyewe.

2. Kutojaliwa kwa maneno yangu, hata yale yaliyonitoroka.

Mwezi wa pili nilisimama mbele ya kidato cha tatu, nikafungua kinywa niseme neno "ngeli", na neno likawa halipo. Nikalitafuta. Nikasema vile vitu, nikasema yale makundi, nikasema zile safu za nomino. Mwanafunzi mmoja wa mbele, Kavumbi, akanionea huruma akaninong'onezea. Kwa mwalimu wa Kiswahili hilo ni sawa na mpishi wa pilau kusahau mchele. Wiki hiyo hiyo naibu wa mwalimu mkuu alisema "vitabu mzuri" mbele yangu, nami badala ya kumsahihisha nikaanza kulia, kilio cha kweli cha kwikwi, mpaka Cherop akaniletea maji na kunifungia mlango wa chumba cha walimu.

Haya yote nilimweleza Daktari. Akaniuliza kama nalala. Nikamwambia kulala nalala, usingizi ndio hauji. Akaandika. Bwana Mwenyekiti, mwanamke huyu ana mwandiko usiokwisha. Kila nilipotua aliandika, lakini kunitazama usoni hakunitazama, na kunieleza hakunieleza kitu. Tena aliniita Mwalimu kabla sijamwambia kazi yangu. Nikadhani ameona chaki kwenye mkono wa buibui langu.

3. Mgeni kufanywa mtu.

Sasa nafika kwenye kiini. Nilimwambia Daktari kwa lugha safi, ile ambayo mwanamke aliyelelewa akaleleka huitumia mbele ya mtu asiyemjua, kwamba nina mgeni asiye na adabu. Miezi mitano hakubisha hodi. Kisha akaja akakaa siku kumi na tisa. Sasa ameondoka, lakini dalili zaonyesha yuko njiani tena.

Daktari akauliza polepole kama huyo mgeni alikuja na mizigo mizito. Nilimkodolea macho. Nikafahamu kwamba daktari wa watu, aliyekaa chuoni miaka sita, anaamini nyumbani kwangu kumefika mtu na masanduku. Ningefanya nini? Kumsahihisha ni kulitaja jambo lenyewe. Nikamjibu kwa unyonge kwamba hakuja na mizigo ila ile ya kawaida. Nikadanganya, Bwana Mwenyekiti, kwani mizigo ilikuwepo, na ilikuwa si ya kawaida hata kidogo. Lakini mtu ataanzaje kuhesabu masanduku yasiyokuwepo? Akaliandika na hilo.

4. Upekuzi wa mambo ya nyumbani kwangu.

Hapo akaacha kabisa habari za ugonjwa, akaingia kwenye habari za nyumba. Akauliza kama siku hizi nyumbani kuna ukame. Nikamweleza kwamba tunalo tangi la lita elfu tano, na maji ya mfereji huja Jumanne na Ijumaa, kwa hivyo tunashukuru. Akauliza kama Mzee analalamika. Nikamjibu kwamba Bwanamkuu, mume wangu, hulalamika sana, hasa presha ikiwa ndogo, na mara nyingine humbidi kupanda juu mwenyewe kwenda kutazama kulikoni. Daktari akashikwa na kikohozi kirefu, akainama chini ya meza kama aliyeangusha kalamu.

Nauliza kwa heshima: hospitali na maji ya mfereji wapi na wapi? Mwanamke amekuja na roho mkononi, anaulizwa habari za tangi.

5. Kugeuzwa tarishi.

Mwisho akachukua bahasha ya kaki, akaitia alichokuwa akiandika, akaifunga, akaipiga muhuri. Hakuandika jina juu yake. Akaniambia nimpelekee Mama wa Kilifi, tena upesi, na nimweleze kila kitu bila haya.

Mama wa Kilifi ni mama mkwe wangu, Bi Jaha. Ukoo mzima tunamwita hivyo. Jinsi Daktari alivyomjua sikujua, nikajiambia labda siku hizi hospitali zinatuandika na jamaa zetu wote. Nimweleze mama mkwe wangu habari za mgeni! Huyo ni mwanamke ambaye kwa miaka ishirini na moja sijawahi kupiga mwayo mbele yake. Lakini mimi ni mtu wa kutii maagizo, na barua isiyo yangu siifungui, hiyo ni adabu niliyozaliwa nayo. Jumamosi nikaenda Kilifi, nikamwamkia Bi Jaha shikamoo, nikampa bahasha kwa mikono miwili, nikanywa chai, nikala mahamri mawili, nikarudi Malindi. Njia nzima nilijipepea kwa gazeti.

Bi Jaha aliipokea kwa taadhima. Akaiweka kabatini pamoja na hati ya shamba, akasema barua yenye muhuri haifunguliwi na mtu mmoja, itamngoja Abdulhadi. Huyo ni shemeji yangu, karani mstaafu wa mahakama, ambaye ndiye msomaji wa nyaraka zote za ukoo, na wakati huo alikuwa Kikambala akimjengea binti yake. Hadi leo ni wiki ya tano na hajarudi. Basi tazama, nilikuja kwenu na maradhi, mkanituma barua, na maradhi nikarudi nayo yale yale.

6. Kutoulizwa.

Hili la sita sitalitia mzaha. Mamangu alikuwa na miaka arobaini na tisa alipoanza kusema mwili ni mzito. Baadaye akasema kuna kijimambo. Tukimuuliza hali, akasema hajambo ila si sana. Sisi wanawe tuliyapokea maneno yale kama yalivyo, naye alikuwa mwanamke wa heshima zake, hakuongeza. Kumbukumbu niliyobaki nayo ni kanga zake, alizokuwa akizifua mwenyewe alfajiri kabla hatujaamka, wala hataki mtu amsaidie kuzianika. Tulipokuja kujua kijimambo ni nini, daktari alituambia tumechelewa mwaka mzima.

Naogopa, Bwana Mwenyekiti. Mimi huhesabu siku kumi na tisa, nikahesabu miaka miwili iliyobaki kufika arobaini na tisa, na hesabu hiyo siwezi kuisahihisha. Nilitaka Daktari aniwekee kalamu chini, anitazame, aniulize mara moja tu: ni nini hasa? Nami ningesema. Naamini ningesema.

MAOMBI

Kwa kuwa mwalimu halalamiki bila kutoa njia ya kurekebisha, naiomba Kamati yako itekeleze yafuatayo.

(a) Daktari yeyote anayeletwa kufanya kazi Pwani afanye kwanza mtihani wa tasfida, yaani ile sanaa ya kulisema jambo zito kwa maneno mepesi. Karatasi mbili, saa mbili na nusu, na asiyepata alama kumi na tano kwa ishirini asiguse mtu. Mfano wa swali: mgonjwa akisema "nimekuwa mzito", je, ameshiba, ana mimba, au amenuna? Mtahini mkuu niwe mimi. Sifa ninazo. Katika darasa langu hakuna mwanafunzi aliyewahi kulitaja jambo la aibu kwa jina lake akasalimika. Kule Matsangoni, miaka ishirini hivi iliyopita, msichana mmoja wa kidato cha pili aliandika insha ya "Siku Nisiyoisahau". Akasimulia, bila kupinda wala kuficha, jinsi mgeni alivyomkuta katikati ya mtihani wa hisabati, na jinsi alivyokaa pale kwenye dawati mpaka shule nzima ikaenda nyumbani. Alitumia lile neno la herufi nne, linaloanza na D, mara sita. Nikampa alama saba, nikaandika kwa kalamu nyekundu: "Lugha chafu. Tumia tasfida." Kisha nikaisoma mbele ya darasa kama mfano wa insha mbovu, bila kumtaja jina. Hakurudia tena. Huo ndio ufundishaji.

(b) Kila chumba cha daktari kiwekwe mfasiri wa haya. Awe bibi mwenye umri, asiyeshtuka. Mgonjwa atamnong'oneza sikioni, naye atalisema jambo kwa sauti, daktari aandike. Wote wawili watakuwa wamehifadhi heshima zao.

(c) Kwa kuwa kipimo chenu hakilioni joto langu, mtafute kingine, ama mnipe cheti chenye muhuri kwamba mimi ni tanuri. Nitakitundika chumba cha walimu ili watu waache kuniuliza kwa nini nimefungua madirisha, na mwenye duka la mikate la jirani atajua pa kuja umeme ukikatika.

(d) Dkt. P. K. Masha arudishwe kidato cha pili, katika darasa langu, akae dawati la mbele, mpaka ajue maana ya mgeni.

Nisikuchoshe. Nifikishie salamu kwa wanakamati wote, kwa muuguzi wa kipimo, kwa aliyenitoboa kidole, na hasa kwa yule karani aliyenigeuzia feni, kwani katika hospitali yenu nzima ndiye pekee aliyenielewa. Wasalimie na watu wa nyumbani kwako, na huyo uliyemuuliza maana ya mgeni mwambie nimeshukuru.

Wako katika kungoja jibu, na katika jasho,

Ummulkheir Athman (Mwl.)

NYONGEZA BAADA YA SAHIHI, Jumapili jioni.

Bwana Mwenyekiti, barua hii nilikuwa sijaituma, kwa sababu barua rasmi hutaka viambatisho nami sikuwa nacho hata kimoja. Sasa ninacho.

Jana Abdulhadi amerudi. Leo Bi Jaha ametuita sote Kilifi, watu kumi na mmoja sebuleni, wanaume upande huu na wanawake upande ule, ili bahasha ifunguliwe. Mimi nilikuwa nikigawa kahawa. Abdulhadi alisimama kama aliyeko mahakamani, akaipasua bahasha, akaanza kusoma kwa Kiingereza na kutufasiria sentensi kwa sentensi, ili Bi Jaha afuate. Mtu aliyesoma hukumu za watu miaka thelathini hajui kukatiza katikati.

Ilianza hivi: Kwa Dkt. Wanjira, Kliniki ya Kina Mama, Kilifi. Nimepata habari baadaye, Cherop ameniambia kwa simu akicheka mpaka akakohoa, kwamba wanawake wa Malindi wote humwita daktari huyo Mama wa Kilifi. Wote isipokuwa mimi, kwa sababu mazungumzo ya namna hiyo yakianza, mimi huondoka chumbani.

Abdulhadi akaendelea. Mgonjwa ana miaka arobaini na saba. Ana PCOS tangu ujana. Miezi mitano bila hedhi, kisha damu siku kumi na tisa. Mgonjwa anasema damu haikuwa nzito, lakini mimi siamini. Joto la ghafla, jasho, kukosa usingizi, kusahau maneno, kulia. Yaelekea anakaribia kukoma hedhi, na anahitaji kutibiwa, si kuambiwa avumilie. Lakini kwa kuwa mwenye PCOS hukaa miezi mingi bila damu kisha ikaja kwa wingi, tafadhali upimwe ukuta wa mji wa mimba kuhakikisha hakuna jambo baya zaidi. Aonwe kabla ya wiki mbili. Kuhusu ukavu, nilimuuliza, akanijibu habari za tangi.

Hapo Bwanamkuu akainuka, akasema anakwenda kutazama tangi la mamake.

Yaani yote aliyasikia, Bwana Mwenyekiti. Mizigo aliyoniuliza ilikuwa mizigo yangu. Ukame ulikuwa wangu. Msichana wa watu alinijia kwa tasfida safi, ya kiwango cha alama ishirini, na mimi mtahini mkuu nikamjibu kwa lita elfu tano. Chini kabisa ya karatasi palikuwa na maneno ya Kiswahili, na hayo Abdulhadi hakuwa na haja ya kuyafasiri: "Mama, huyu ni mwalimu wangu wa Kiswahili wa Matsangoni. Nimejaribu kumuuliza kama alivyotufundisha, sijui kama tumeelewana. Muulize wewe waziwazi. Mimi nimeshindwa hata kumtazama. Bado namwogopa. Purity Kahaso."

Masha ni jina la mumewe. Mimi nilimjua kama Kahaso Nyale, kidato cha pili, dawati la nyuma karibu na dirisha. Alama saba kwa ishirini.

Nilibaki nimeshika birika. Yule mtoto alikaa katika damu yake saa nzima, akatafuta mtu mzima mmoja wa kumwambia, akaniandikia mimi, nami nikamhesabia makosa. Nalalamika kwamba sikuulizwa. Aliyemfunza asiulize ni nani?

Wanaume walikuwa wakiisoma dari. Nikangoja ardhi ipasuke, haikupasuka. Bi Jaha akaninyang'anya birika, akaliweka chini, akanishika mkono mbele ya watu wote, akasema: "Kumbe ni damu. Si useme damu, mwanangu? Marehemu mamako angalisema damu, tungalimchukua siku ile ile."

Kesho saa mbili asubuhi tunakwenda kwa Dkt. Wanjira, mimi na yeye. Amesema ataingia ndani pamoja nami, na mimi nikianza habari za wageni, atasema yeye. Kwa hivyo ombi (b) limekwisha kutekelezwa. Malalamiko ya 3, ya 4 na ya 5 nayafuta. Ya 1 na ya 2 mtajua wenyewe, ila kipimo kile hakifai. La 6 liacheni kama lilivyo, bado sijui kesho nitaambiwa nini, na bado naogopa. Ombi (a) nalifuta kwa kukosa mtahini, na katika ombi (d), palipoandikwa Dkt. P. K. Masha paandikwe jina langu. Mwambieni Kahaso nimeisahihisha upya insha yake. Ni ishirini kwa ishirini.

Kuinakili barua nzima upya sina nguvu, na karatasi safi imebaki hii moja. Nakuomba hisani ya mwisho, Bwana Mwenyekiti: kila mahali nilipoandika mgeni, wewe soma damu.

U. A.